Nimepewa umeneja Ukerewe, na mimi sipandi meli

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba usitaje jina langu wala la taasisi ninayofanyia kazi, maana Mwanza ni mji mdogo kwa mambo ya watu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Nyakato. Ni afisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha hapa mjini. Wateja wangu wengi ni akina mama wa dagaa na wachuuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba. Kazi naijua. Kikundi kikianza kusuasua nakitambua kabla marejesho hayajachelewa, kwa jinsi tu mweka hazina anavyokwepa kuniangalia usoni. Miaka ya nyuma niliwaeleza wakubwa kwamba kumdai mtu wa dagaa kwa tarehe za kalenda ni kujitafutia matatizo, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka boti hazitoki na hela haipo. Wakabadilisha, marejesho yakafuata siku za giza, boti zinapotoka, na mikopo iliyochelewa ikapungua. Wazo lilikuwa langu, ila kwenye kikao cha mwaka aliyelieleza ni mwenzangu. Siku ile mimi tumbo lilinishika, nikabaki nyumbani.

Mwanzoni mwa mwezi huu meneja wa kanda aliniita. Anataka niende kuwa meneja wa tawi la Nansio, kisiwani Ukerewe. Mshahara unapanda vizuri na kuna posho ya nyumba. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nimjibu. Nilisema nashukuru, nikatoka, nikaingia chooni kulia.

Mama, baba yangu alifia MV Bukoba. Nilikuwa na miaka minne. Alikwenda Bukoba msibani, akapanda meli kurudi, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ikazama ikiwa imebakiza kidogo kuingia Mwanza. Mwili wake hatukuupata. Kila mwaka mama anatupeleka Igoma kwenye makaburi ya waliozama, anasimama pale bila kujua kama mumewe yumo au hayumo. Nyumbani kwetu hakuna anayepanda chombo cha majini. Hakuna aliyewahi kutukataza kwa mdomo, lakini wote tunajua. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, tukienda Bukoba tulikuwa tunazunguka kwa Kahama ili tusipande kivuko, watu wanatushangaa. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipozama kule Ukara, mama alilazwa kwa presha.

Nikiifikiria safari ya Nansio moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, kifua kinabana. Usiku silali. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Anasema nenda, watu wanapanda kila siku, wewe una nini cha pekee? Najua hana nia mbaya lakini neno hilo liliniuma. Mama sijamwambia chochote, naogopa presha yake.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa aibu. Mwaka jana waliniomba nikaimu tawi la Magu wakati meneja wake yuko likizo ya uzazi. Magu ni lami mpaka mlangoni, hakuna maji ya kuvuka. Nilikataa. Nikasema nina mtoto mdogo, na wakati huo mtoto alikuwa na miaka minne na dada wa kazi yupo. Ukweli ni kwamba niliona nitakwenda kuonekana sijui kitu. Mimi nina diploma, wenzangu wana digrii. Meneja anaongea mbele ya watu, anajibu wakaguzi, anafukuza watu kazi. Hata huyo aliyekuwepo Nansio ameondolewa, wanasema ni kwa sababu ya mikopo chechefu, ile isiyolipwa.

Nikikataa, nafasi itakwenda kwa kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Ni kijana mzuri, lakini nikimfikiria akiwa bosi wangu nakosa raha. Rafiki yangu wa kanisani ameniambia nifunge na kuomba, Mungu ataiondoa roho ya hofu. Nimefunga. Hofu bado ipo.

Je, mtu mwenye hofu kama yangu anafaa kuwa kiongozi? Au nikubali tu kwamba hapa nilipofika ndipo mwisho wangu?

Mwenye hofu, Nyakato

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya baba kwanza. Katika barua yako naona umeshapewa ushauri na mumeo na rafiki yako, na sijaona mahali ambapo mmoja wao alianza kwa kukupa pole.

Nikikuelewa vizuri, umepewa kazi unayoiweza, lakini ili uifikie lazima uvuke maji yaliyomchukua baba yako. Papo hapo kuna woga mwingine ambao hauhusiani na maji: kusimama mbele ya watu, kuulizwa, kuonekana hujui. Juu yake kuna mama na presha yake, watoto, mume, yule kijana, na tawi ambalo bosi wake ameondolewa. Vyote umevitia kwenye gunia moja, ukalifunga, ukaliandika jina HOFU, sasa unaniuliza kama unaweza kulibeba. Mimi ningependa tulifungue kwanza.

Tuanze na maji. Hofu yako ina sababu, na anayekuambia "watu wanapanda kila siku" hajakujibu, maana hata wale wa MV Bukoba walikuwa watu wa kila siku. Meli ile ilipitia Kemondo ikaongeza abiria, ikaja Mwanza imebeba watu kuliko uwezo wake. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa kinakaribia kabisa gati la Ukara, na waliokufa peke yao walizidi 220. Mtu wa Mwanza anayeyajua haya na bado anapanda chombo bila kuangalia kimejaa kiasi gani, mimi namshangaa zaidi ya ninavyokushangaa wewe.

Lakini angalia, mwanangu: katika misiba yote miwili, chombo kilizidishiwa watu. Hilo ni jambo la kuonekana kwa macho ukiwa bado umesimama gatini. Unaweza kuuliza kama abiria wameandikwa majina. Unaweza kuangalia maboya yako wapi, kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ukaghairi safari ukaondoka zako na hakuna atakayekukamata. Nauliza kama hofu yako inatofautisha chombo kilichojaa na kisichojaa, siku ya upepo na siku ya shwari. Kwa ulivyoandika, inavikataa vyote kwa pamoja, hata kivuko cha Kigongo wakati ule kilipokuwa njia ya mabasi.

Kule kuzunguka kwa Kahama kulikuwa na gharama isiyoonekana kwenye nauli. Kila mnapokwepa, moyo unapata nafuu, na mwili unajifunza kwamba nafuu imetokana na kukwepa. Safari inayofuata hofu inakuja na nguvu zaidi. Mwili wako haujapewa nafasi hata moja ya kugundua kwamba yale mapigo na lile jasho hupanda kwa dakika kadhaa, hufika mwisho wake, halafu hushuka yenyewe hata kama hujakimbia. Wanaotibu hofu za namna hii humrudisha mtu polepole kwenye kile anachokiogopa, kwa hatua ambazo anazichagua mwenyewe. Kwa hapa kwetu unaweza kuanza kwa kukaa gati la Kamanga ukaangalia watu wanashuka na kupanda, basi, ukarudi nyumbani. Siku nyingine uingie ndani ya kivuko kabla hakijaondoka, ushuke. Baadaye uvuke na mtu unayemwamini, mkiwa mmechagua siku tulivu. Kila hatua inarudiwa mpaka ikuchoshe, ndipo unasogea. Kuna watakaokuambia uanze na kale ka safari kafupi ka kisiwa cha Saanane. Sioni kama boti ndogo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu mwenye historia yako, hata kama safari ni fupi.

Tena nisingependa ufanye hayo peke yako. Wewe umempoteza baba, mwili haukupatikana, na kila mwaka mnasimama penye makaburi yasiyowajibu. Hapo naona hofu, naona na msiba ambao haujawahi kumalizika, na usingizi umeshaanza kukutoroka. Hospitali ya Bugando kuna idara ya magonjwa ya akili, na usitishwe na jina, maana wanaowaona ni pamoja na watu wazima wenye kazi zao na nguo zilizopigwa pasi. Ukifika hospitali waombe pia wakupime presha na wakuangalie tezi ya shingo, kwa sababu moyo kwenda mbio wakati mwingine una chanzo cha mwilini. Maombi endelea nayo, ila usikubali mtu akuambie kwamba hofu iliyobaki baada ya kufunga ni ushahidi wa imani ndogo.

Sasa Magu. Aya hiyo nimeirudia tena na tena kuliko nyingine zote katika barua yako.

Magu hakuna meli. Kikao cha mwaka nacho kilifanyika nchi kavu. Lakini kote kuwili hukwenda, na sababu uliyotoa mara zote haikuwa ile ya kweli. Naomba unisikilize kwa upole ninaokusudia: huenda ziwa linabebeshwa mzigo ambao si wake wote. Hapa Mwanza, mtoto wa aliyefia MV Bukoba akisema "mimi sivuki maji", hakuna wa kumhoji. Kila mdomo unafungwa. Ni sababu ya kweli, ina heshima, na mtu anaweza kujificha nyuma yake bila hata mwenyewe kujua. Sisemi ndivyo ulivyofanya. Nakupa swali la kujiuliza ukiwa peke yako: kama kesho meneja wa kanda angekupigia akasema, "Tumebadilisha, ni Misungwi, basi linakushusha mlangoni," usiku huo ungelala?

Kama ungelala fofofo, basi jambo lako ni maji, na maji yana njia zake kama nilivyokueleza. Kama usingelala, hata ukivuka ziwa ukiwa umetulia kabisa, woga ule mwingine utakuwa umeshafika Nansio kabla yako.

Kuhusu huo mwingine, umeniandikia mwenyewe ushahidi dhidi yake halafu ukaupita bila kuuangalia. Mtu aliyegundua kwamba marejesho ya dagaa lazima yafuate giza hawezi kusemwa hajui kazi. Na Nansio ni wapi? Ni kisiwani, kwa wavuvi walewale wanaopumzika mbalamwezi ikiwaka. Sijui wakubwa wako waliwaza nini, lakini diploma yako wanayo kwenye faili tangu siku uliyoajiriwa, na wamekuita wakiiona. Unachokosa, kwa maelezo yako, ni kuzoea kuongea mbele ya watu. Hilo si lazima uanze nalo kwenye kikao cha mwaka. Omba dakika tano kwenye kikao cha tawi lako cha Jumatatu, uwaeleze wenzako hali ya vikundi vyako. Sauti itatetemeka. Wataelewa vikundi vyako viko vipi hata hivyo.

Kuogopa kumfukuza mtu kazi sitaki ikuondoke. Meneja asiyeiogopa siku hiyo, mimi nisingependa awe bosi wa mwanangu.

Kuna kitu kimoja ndani ya gunia ambacho wala si cha kutibiwa: aliyekutangulia ameondolewa. Hapo unahitaji majibu. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, omba kuona hesabu za tawi. Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ni kiasi gani, na imelala kwenye vikundi gani? Maafisa wamebaki wangapi? Mikopo mibovu ya zamani itahesabiwa kwa jina la nani? Makabidhiano yawe ya maandishi na yasainiwe, la sivyo miezi michache mbele madeni yote yatakuwa yako, hata yale ambayo hukuyatoa. Uliza pia kama meneja anatakiwa kufuata wateja visiwa vya Ukara na Irugwa, mara ngapi, na kwa chombo gani. Kuvuka kwa meli ya abiria na kuvuka kwa mtumbwi wa injini ni mambo mawili, na una haki ya kuyajua leo kuliko kuyakuta huko. Afisa mikopo hatoi mkopo bila kumchunguza mkopaji, nawe unaombwa kitu kikubwa kuliko mkopo.

Ukishapata majibu, njia ziko kadhaa na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kuomba kukaimu kwa miezi michache kabla ya kuthibitishwa, mkakubaliana kwa maandishi kwamba nafasi yako ya sasa inakusubiri. Hiyo inakupa mlango wa kurudi, ila wapo wanaokaimu mwaka mzima kwa mshahara uleule, kwa hiyo tarehe ya mwisho itajwe. Unaweza kukubali na ukapita njia ya Bunda hadi Kisorya, ukavuka kwa kivuko mpaka Rugezi. Maji ni mafupi zaidi kuliko yale masaa matatu hivi ya meli kutoka Mwanza, lakini barabara ni ndefu, na ukiganda hapo kwa miaka, Kisorya itageuka kuwa Kahama yako mpya. Unaweza kuomba tawi la nchi kavu. Hiyo ningeielewa, mradi uwe umeshalijibu lile swali la Misungwi, maana wakikupa halafu ukakataa tena, sidhani kama wataita mara nyingine.

Na unaweza kukataa. Umeitwa, hujaamrishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mahali pa kazi paandikwe kwenye maelezo ya ajira yako, na kubadilisha kunahitaji kushauriana na wewe. Mtu anaweza kubaki afisa mikopo mzuri maisha yake yote, akalea watoto wake Nyakato, na hakuna kilichoharibika. Mwiba wa hapa uko kwenye sababu utakayoitoa. Ukisema tena "mtoto", wataliamini neno hilo na kukupangia maisha kwa kulifuata. Ukimwambia meneja wa kanda kwamba baba yako alifia ziwani na unahitaji muda, atakuwa anajua anashughulika na nini. Anaweza pia kukuona dhaifu. Wapo mabosi wa hivyo, na wewe unamjua wako kuliko mimi.

Yule kijana muweke pembeni. Kazi uliyoikubali ili fulani asiipate itakuchosha mapema.

Mumeo mrudie, ila safari hii umpe maswali ya kazi. Watoto watabaki na nani, wakati wa mitihani akiwa shuleni mpaka jioni? Nani atavuka nawe mara ya kwanza? "Nenda" ni neno jepesi kwa anayebaki. Akiulizwa hivi huenda ukamkuta na hofu zake ambazo hajakuambia.

Mama ndiye mgumu kuliko wote. Unasema hujamwambia kwa sababu ya presha, na inawezekana uko sahihi. Lakini habari ya Ukerewe itamfikia, kwa mji huu ulivyo, na ikimfikia kwa jirani itamshtua kuliko ikitoka mdomoni mwako. Kile kitu chenu cha kutokupanda hakikuwahi kutamkwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza mama anaogopa nini hasa, wala anawatakia nini ninyi wanawe. Pengine atalia na kusema hapana, na hapana ya mama ni nzito. Jiandae kwa hilo kabla hujafungua mdomo. Pengine atakushangaza. Mwendee mchana akiwa ameshakunywa dawa zake, na mama mdogo au mtu mwingine mzima awepo. Usiende na uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Umeniuliza kama mwenye hofu anafaa kuwa kiongozi. Jibu la swali hilo siliwezi, kwa sababu sijakuona ukifanya kazi. Waliokuona wameshakuita mara mbili. Kama unaitaka kazi yenyewe, mbali na mshahara na mbali na kuogopa kupitwa, barua yako haijasema popote, na hilo ningependa ulijue wewe kabla ya meneja wa kanda.

Mwisho wa mwezi uko karibu mno kwa yote haya. Mwandikie sasa hivi, mshukuru, omba zile hesabu za tawi na nyongeza ya wiki mbili au tatu. Tawi ambalo limekaa bila meneja linaweza kusubiri hizo. Akikunyima hesabu, au akikuambia amua leo bila kuona kitu, hiyo nayo itakuwa habari juu ya kazi unayopewa.